Anayesimulia Hakatizwi

Kila asubuhi, kahawa ya Lorna Dreiling ikiwa bado ya moto, basi la manjano la shule lilipita mbele ya nyumba yake bila kusimama. Halikuwa na sababu ya kusimama. Watoto watatu wa nyumba ile walisomea nyumbani, na dereva alilijua hilo kama walivyolijua wote walioishi kando ya barabara ile ya changarawe. Hata hivyo Ezra, mtoto wa kati, mwenye miaka tisa, ilikuwa lazima atoke na viatu vya mvua vya baba yake, asimame penye sanduku la barua na kulipungia basi mkono. Dereva naye aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani. Kisha vumbi lilitua, Ezra akarudi ndani, na shule ikaanza.

Shule yenyewe ilikuwa jikoni. Kule Kansas, anayefundisha wanawe nyumbani hutakiwa kuipa shule yake jina, na Lorna alikuwa ameiita Shule ya Kilima cha Mwerezi. Kilima hakikuwepo. Dirishani ungeona tambarare tupu na mabua ya mtama, na kitu kirefu pekee kilikuwa maghala ya nafaka ya mjini, mbali kule. Mwerezi ulikuwepo, ila ulikauka mwaka uleule shule ilipofunguliwa. Lorna ndiye aliyekuwa mkuu wa shule, mwalimu wa masomo yote, mpishi na mfagizi, na siku za baridi kali alikuwa fundi bomba. Chumba cha walimu kilikuwa stoo ya chakula nyuma ya mlango wa jikoni. Humo aliingia mara kwa mara, akafunga mlango, akasimama gizani kati ya makopo ya maharage, akapumua.

Ijumaa hiyo alikuwa ameshaingia humo mara mbili kabla hata hajapiga kengele.

"Mama, Bibi anakuja saa ngapi?" aliuliza Junia, kitinda mimba, mwenye miaka mitano, akigonga mlango wa stoo.

"Mchana. Nenda kavae soksi."

"Mbona unaongea na makopo?"

"Siongei na makopo. Soksi, Junia!"

Bibi huyo alikuwa Bernadine, mama mkwe wake, aliyefundisha darasa la pili katika shule ya mjini kwa miaka thelathini na kustaafu na saa ya ukutani na viatu vilevile vyeusi vya kamba. Bernadine hakuwahi kuukubali mpango huu wa kusomea nyumbani. Hakugomba. Alikuwa akiuliza tu, kila Krismasi, kwa sauti ya upole inayouma kuliko matusi: "Na Ezra anasoma nini siku hizi?" Garth, mume wa Lorna, dereva wa lori la ng'ombe, alikuwa katikati ya wanawake hao wawili, na kuwa katikati kulikuwa kumemchosha. Wiki iliyopita alipiga simu akiwa barabarani.

"Mama aje akae siku moja, aone mwenyewe," alisema. "Akiridhika, sitaki kusikia tena neno shule mdomoni mwake. Asiporidhika, Jumatatu watoto wanapanda basi."

"Wote?"

"Wote, Lorna."

"Na mimi?"

Garth alibadili gia, injini ikanguruma. "Wewe utapumzika," Garth alisema, akidhani amesema jambo zuri.

Tangu siku hiyo neno hilo halikumtoka Lorna kichwani. Alijiona akipumzika. Alijiona ameketi mezani na kahawa, viti vinne vitupu, upepo ukigonga mlango wa wavu mchana kutwa. Alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuwa na kazi nyingine duniani wala rafiki aliyeishi karibu kuliko maili kumi na mbili. Shule ile ikifungwa, hakujua yeye angekuwa nani.

Alipiga kengele.

Ilikuwa kengele ya shaba ya mkononi, aliyoipata mnadani shule moja ya kijijini ilipofungwa. Watoto walikaa. Wakasali, kisha Lorna akafungua kitabu na kusoma kwa sauti, kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yao. Ilikuwa sura ya kumi ya hadithi ya msichana anayevusha kondoo mlimani wakati theluji inaanguka. Alisoma vizuri Lorna. Ukali wa baba wa msichana aliutoa kooni, na uzee wa mbwa aliutoa puani, hata Junia akasahau kuvuta soksi.

Alipomaliza, alifunga kitabu na kusema maneno yaleyale: "Haya, tusimulie."

Hiyo ndiyo ilikuwa nguzo ya shule yake. Hakukuwa na mitihani wala maswali ya kujaza nafasi. Mtoto husikiliza mara moja tu, halafu husimulia alichosikia, chote, kwa maneno yake. Na kulikuwa na sheria moja, ambayo hata Garth akiwa nyumbani aliiheshimu: anayesimulia hakatizwi. Hata akikosea, hata akikwama. Unangoja mpaka mwenyewe aseme, "Na hapo ndipo tulipofika."

Ezra alisimama. Tabitha, dada yake mwenye miaka kumi na minne, aliyesimulia kwa sentensi tano na kurudi kwenye aljebra yake, aliweka kalamu chini kumsikiliza. Maana Ezra akisimulia, theluji ilianguka mle jikoni. Alikumbuka rangi ya kamba ya mbwa. Alikumbuka kondoo yupi alichechemea na mguu gani. Lorna alimtazama, kifua kikajaa. Aje tu huyo Bernadine, aliwaza. Aje amsikie huyu.

"...akafunga lango, akawahesabu, mmoja hayupo," Ezra alisema. "Na hapo ndipo tulipofika."

Baadaye Ezra alisoma kitabu chake cha kusomea, kile cha sungura na mpiga tarumbeta, kwa sauti kubwa, kidole kikienda chini ya mistari. Lorna alikuwa amempa mgongo akisugua sufuria ya uji, akitabasamu penye vichekesho. Laiti angegeuka, angeona kidole kikifika mwisho wa ukurasa wakati maneno yangali katikati, na Tabitha, bila kuinua macho kwenye hesabu zake, akinyoosha mkono kumfungulia mdogo wake ukurasa unaofuata. Lakini sufuria ilikuwa imeungua, na sauti ya mtoto ilikuwa tamu.

*

Tufaha za pai hazikutosha, wakaenda mjini. Kuingia dukani saa za masomo na watoto watatu ni jambo ambalo Lorna hakulizoea hata baada ya miaka yote hiyo. Peg, mwenye duka, aliwaangalia kwa juu ya miwani.

"Leo shule imefungwa?"

"Wanasomea nyumbani, Peg. Unajua."

"Aa, ndiyo. Nasahau." Hakusahau. Aliuliza kila mara, ili wateja wengine wasikie. Akaegemea kaunta. "Haya, kijana. Saba mara nane?"

"Hamsini na sita," Ezra alisema.

"Mji mkuu wa Nebraska?"

"Lincoln. Lakini zamani ulikuwa Omaha, wakagombana sana. Unataka nikusimulie?"

Mzee mmoja aliyekuwa akichagua vitunguu alicheka. Peg hakupenda kuchekwa dukani mwake. Alichomoa karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine ya pesa, akaiweka mbele ya Ezra. "Basi nisomee hili tangazo, profesa. Mimi miwani yangu haioni vizuri leo."

Ezra aliitazama karatasi. Masikio yalimwiva. Zilipita kama pumzi tatu, halafu Tabitha akasogea katikati, akaweka mfuko wa tufaha juu ya kaunta kwa kishindo, na kusema haraka, "Chakula cha jioni cha wazima moto, Jumamosi, kanisani, maharage na soseji. Mama, tunachelewa."

"Nilimwuliza yeye," alisema Peg.

"Ana haya na watu asiowazoea," Lorna alijibu, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa wepesi. Ana haya! Mtoto aliyetoka sasa hivi kutaka kumsimulia Peg ugomvi wa Omaha.

Ndani ya gari Lorna aliwasha redio, akasikiliza bei ya ngano mpaka nyumbani. Kuna mambo mtu huyaona kwa pembe ya jicho, akageuza shingo upande wa pili, akashukuru kwamba barabara imenyooka. Tabitha alijisomea mwenyewe akiwa na miaka minne, bila kufundishwa, akiangalia tu mdomo wa mama yake. Wanawake wa kikundi cha Alhamisi, wale wanaokutana kanisani na watoto wao mara moja kwa wiki, wote walisema hivyohivyo: msiwalazimishe, kusoma huja kwenyewe, kama meno. Lorna aliwaamini, na aliposhtuka usiku akiwa na wasiwasi juu ya Ezra, hakumweleza hata mmoja wao. Katika kikundi kile kila mmoja alitaja mafanikio ya wanawe tu, maana watu wa nje walikuwa wanangoja kusikia kosa moja. Kosa ulilificha. Ulilipeleka stoo.

*

Bernadine alifika mchana, akavua koti, akakataa kiti cha starehe na kuchukua kile cha jikoni. "Nyinyi endeleeni, mimi sipo," alisema. Akakaa kama mkaguzi, mkoba magotini.

Lorna alijitahidi kusahau kwamba yupo. Junia aliimba miezi ya mwaka akaruka Agosti. Tabitha alieleza jinsi moyo unavyosukuma damu, kwa ufasaha na kwa kiburi kidogo. Bernadine aliitikia kwa kichwa, polepole. Kisha Ezra alisimulia upya sura ya asubuhi kwa ajili ya Bibi, na mara hii aliongeza upepo. Bernadine hakumkatiza. Alipofika kwenye kondoo aliyepotea, mama mkwe huyo aliyewahi kusikia watoto mia nane wakisoma alikuwa ameufungua mkoba wake na kutafuta leso.

"Na hapo ndipo tulipofika," Ezra alimaliza.

"Mungu wangu," alisema Bernadine. "Lorna, huyu mtoto ana kipaji."

Lorna aliogopa kulia. Alikata pai. Alishinda, jamani! Aliona Jumatatu inakuja na kengele yake na viti vyake vyote vimejaa.

"Nimekuletea zawadi," Bernadine alimwambia mjukuu wake. Akatoa kitabu kutoka kwenye mkoba, kipya, jalada jekundu lenye mbweha. "Kimetoka mwezi huu tu. Hakuna aliyekisoma bado hapa nyumbani, hata mama yako. Nianzie ukurasa wa kwanza, mpenzi. Nataka nifumbe macho nikusikilize."

Na kweli alifumba macho.

Ezra alikifungua. Kidole kikashuka chini ya mstari wa kwanza na kukaa hapo. Tanuri lilikuwa linapoa, likitoa mlio. Junia alilamba uma.

"Mb..." alisema Ezra. Akameza mate. "Mbweha..." Hilo alilipata kwenye picha. "Mbweha aliamka. Akaona... akaona kuna jua."

Bernadine alifumbua macho. Kwenye ukurasa ule hakukuwa na jua. Kulikuwa na mvua, mistari mitatu ya mvua.

"Kuku hawajapewa maji," Ezra alisema, akasimama.

"Bibi, nitakusomea mimi," Tabitha alidakia, mkono wake tayari kwenye kitabu. "Macho yake yanamuuma tangu jana, anahitaji miwani, tulikuwa tunapanga..."

"Kaa, Tabitha," Bernadine alisema, si kwa ukali. "Umefanya kazi kubwa. Kaa sasa upumzike."

Binti huyo alikaa, akaufunika uso kwa mikono, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto mdogo. "Nilikuwa namsomea jana yake," alisema katikati ya kilio. "Kila ukurasa. Ili asubuhi aujue. Nilifikiri nikimsaidia kidogo tu itamjia. Usitupeleke, Bibi. Tafadhali usimwambie Baba."

Mlango wa wavu ulijigonga nyuma ya Ezra.

Lorna alibaki amesimama na kisu cha pai. Aibu ilimshika, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi: hakushangaa. Tangu lini? Pengine tangu mwaka jana. Alijua, na binti yake alijua, na mtoto mwenyewe alijua, na wote watatu walikula meza moja kila siku, kila mmoja na siri yake ileile.

*

Walitoka kukaa kwenye ngazi za mbele, Lorna na mama mkwe wake. Upepo ulikuwa wa kawaida, yaani mkali. Lorna alingoja aambiwe. Alikuwa na majibu yake yote ya miaka tisa, na sasa hata moja halikuwa na meno.

"Sema tu, Mama," alisema hatimaye.

"Niseme nini?"

"Kwamba ulisema."

Bernadine alifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Watoto wa namna hiyo nimewaona wengi. Werevu kupita kiasi, wanasikia kitu mara moja wanakishika, ndiyo maana hawagunduliwi. Hata shuleni wanatuponyoka. Si upumbavu wake wala uvivu wako. Herufi hazimkalii, basi. Anahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo, na kwenye shule ya mjini yupo mmoja, kijana mzuri." Akamgeukia Lorna. "Ulimwuliza nani?"

"Nilimwuliza nani nini?"

"Ulipoanza kuwa na wasiwasi. Ulikwenda kwa nani?"

Lorna alitazama sanduku la barua. "Hakuna mtu," alisema. "Ningekwenda kwa nani, Mama? Kwako?"

Lilitoka kali kuliko alivyotaka. Bernadine alilipokea, akakaa nalo.

"Sikiliza," alisema mwishowe. "Sitamwambia Garth. Nitamwambia nimeridhika, na yule binti anajua moyo kuliko daktari wangu. Mengine utajua mwenyewe ya kufanya."

Lorna aligeuka kumwangalia. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nikishinda mimi, sitaalikwa tena hapa." Mwanamke huyo mgumu alifunga tena kamba ileile ya kiatu. "Nakaa peke yangu na saa ya ukutani, Lorna. Leo mjukuu wangu amenisimulia hadithi. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunisimulia kitu chochote."

Aliondoka jua likiwa bado juu, nusu ya pai ikiwa kwenye kiti cha abiria, imefungwa kwa mkanda.

*

Ezra alikuwa ndani ya banda la kuku, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kuku walikuwa na maji tele. Lorna aliinama akaingia, akachuchumaa kwenye mabua.

"Bibi ameenda?"

"Ameenda."

"Amekasirika?"

"Hapana. Hakuna aliyekasirika." Alimtoa unyoya kwenye nywele. "Ezra, mbona hukuniambia?"

Mtoto alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Kwani wewe si ndiye uliyesema itakuja yenyewe? Nilikuwa nangoja." Akafikiri. "Nimengoja sana, Mama. Asubuhi nikiamka naangalia kwanza kile kitabu cha sungura, kama imekuja. Halafu naenda kwenye basi."

"Na kwenye basi unakwenda kufanya nini?"

"Kuangalia. Wale watoto ndani wanasoma vile vitabu vyao. Wote. Nataka nione wanavyofanya."

Lorna alimvuta, akamkumbatia na harufu yake yote ya kuku. Alilia, na hakujaribu kuficha. Huko stoo alikokuwa akijifungia, alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa gizani.

Garth alipiga simu wakati wa chakula cha jioni. Lorna alichukua simu akaenda nayo stoo, ila safari hii aliuacha mlango wazi.

"Mama amenipigia," Garth alisema, furaha tupu. "Amesema ameridhika kabisa! Sikuamini masikio yangu. Kwa hiyo imekwisha, mke wangu. Umeshinda. Shule ni yako."

Jikoni, Tabitha aliacha kuosha vyombo. Ilitosha kusema asante. Ilitosha kusema ndiyo, Garth, endesha salama. Lorna alishika rafu ya makopo.

"Ezra hajui kusoma," alisema.

"Nini?"

"Mwanetu hajui kusoma, Garth. Nimeshindwa kumfundisha, na nilificha hata kwangu mwenyewe. Mama yako ameona, akanihurumia. Wasichana nitabaki nao, uje tuzungumze. Lakini Jumatatu Ezra anapanda basi."

Hakusikia alichojibu Garth, maana Tabitha alikuwa amekuja nyuma yake na mikono yenye povu, akaegemeza kichwa mgongoni pake.

*

Jumatatu basi lilisimama. Breki zake zilipiga kelele kama kwamba nazo zilishangaa. Ezra alikuwa amevaa viatu vyake mwenyewe, na mkononi alishika mkate wa siagi ya karanga kwenye mfuko wa karatasi. Alipanda bila kugeuka nyuma, kwani alikuwa na hamu ya kuona ndani. Dereva alimwinulia Lorna vidole viwili. Naye aliinua mkono, akauacha juu mpaka vumbi lilipotua.

Alirudi jikoni, akapiga kengele. Wasichana walikaa. Alisoma sura ya kumi na moja, ya kondoo aliyepotea, na sauti zake zote zilikuwepo, ya baba na ya mbwa. Alipofunga kitabu alisema, "Haya, tusimulie," na macho yake yakaenda yenyewe kwenye kiti cha katikati.

Tabitha alisema sentensi tano. Junia alisema kondoo alikuwa na baridi. Kisha upepo ukagonga mlango wa wavu, na siku ikawa ndefu ajabu.

Basi lilimrudisha mchana ukielekea jioni. Lorna alikuwa penye sanduku la barua muda mrefu kabla halijaonekana. Ezra alishuka, kamba moja ya kiatu ikiburuta, mfuko wa mkate ungali mkononi, haujaguswa.

"Vipi?" Lorna alianza. "Walikuwa wazuri? Mwalimu je? Mbona hujala? Kuna mtu ame..."

Ezra aliinua mkono kumtuliza. Akasimama wima palepale kwenye changarawe, kama alivyosimama kila asubuhi jikoni, akavuta pumzi, na kuanza.

Alisimulia tangu ngazi za basi. Alisema dereva anaitwa Bwana Delmar, na kwamba alimwambia, "Kumbe unaongea! Miaka yote hii nilidhani bubu." Alisimulia rangi ya korido na harufu ya mlo. Alisimulia jinsi walivyompeleka kwenye meza ya watoto wa miaka sita ili ajifunze herufi, na kiti chake kilikuwa kifupi hata magoti yakagusa kidevu, na wavulana wa darasa la nne wakapita dirishani, mmoja akasema, "Angalieni, mtoto mchanga mkubwa," na jina lake ni Colby na ana jino lililokatika. Alisema wakati wa chakula hakujua mtu huwa anakaa wapi, akasimama ukutani mpaka kengele ikalia. Hakuacha kitu. Alikuwa amefunzwa vizuri kutokuacha kitu.

Lorna alitaka kusema nyamaza, mwanangu, basi, inatosha, kesho huendi. Maneno yalimjaa mdomoni. Lakini sheria ilikuwa yake, yeye ndiye aliyeiweka, na mtoto alikuwa bado anasimulia. Kwa mara ya kwanza alikuwa anasikia hadithi ambayo si yeye aliyeisoma. Akashika sanduku la barua, akauma mdomo, akasikiliza.

"...halafu yule mwalimu kijana akaniambia nifunge midomo niseme *mmm*, nikasema, akaniwekea mchanga kwenye sinia nikaichora herufi yake kwa kidole. Moja tu. Tumekaa na hiyo moja mpaka kengele ya mwisho. Kesho tunaichora tena." Ezra alifuta pua kwa mkono wa shati. Macho yalikuwa mekundu, lakini mgongo ulikuwa umenyooka. "Na hapo ndipo tulipofika," alisema.